Uvuvi wa mshipi na malema katika pwani ya Kwale

Uvuvi wa mshipi na malema ni uvuaji wa samaki wa kitoweo kwa zana za mkono, katika maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba, kuanzia Diani na Kinondo kupitia Gazi na Msambweni hadi Shimoni na Vanga. Mvuvi husukuma mtumbwi kwa upondo maji yakiwa yamepwa, akatia nanga penye mchanga, majani na matumbawe, kisha akashusha uzi wenye chubwi na ndoana iliyotiwa kipande cha ngisi, kamba au kaa. Uzi huzungushwa kwenye kibao au chupa; hakuna fimbo wala gurudumu, na kidole ndicho kinachotambua kama ni changu anayedonoa au chubwi imegonga jiwe. Bamvua mkondo huwa mkali na uzi hausimami wima, kwa hiyo mshipi hupendelea maji mafu. Lema ni mtego wa kusukwa wenye mlango unaoingiza samaki lakini haumtoi. Hutiwa mwani au chambo kingine, hukandamizwa kwa mawe, na kuachwa hadi maji yapwe tena. Samaki wake mkubwa ni tafi. Kazi hii ina utulivu mwingi: saa kadhaa mtu yuko na maji, uzi na fikira zake, na akirudi na kitoweo cha nyumbani siku yake imekamilika.

Wengi huhesabu zana hizi kuwa mabaki ya ufukara, kana kwamba mvuvi wa mshipi anangoja tu apate wavu. Hesabu hiyo haiangalii zana inachofanya ikishafika chini. Juya, wavu unaokokotwa hadi ufuoni, huzoa kila kilichomo njiani, hata vifaranga wa samaki, na kamba zake huburura juu ya majani na matumbawe. Ndiyo sababu Kenya ililipiga marufuku katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 2001. Ndoana huleta samaki mmoja mmoja, na ukubwa wake huamua mdomo upi utaimeza. Lema humweka samaki akiwa hai, hivyo uamuzi wa nani abaki na nani arudi unafanyika majini, kabla hajafa. Ushahidi wa karibu umo katika utafiti wa Tim McClanahan na wenzake uliochapishwa mwaka 1997, uliolinganisha bandari ndogo za wavuvi wa eneo la Diani. Mvuleni na Mwanyaza, ambako wavuvi wenyewe walilizuia juya kwa miaka mingi, kila mvuvi alipata samaki zaidi kuliko wenzake wa bandari zilizoliruhusu. Wazee waliolikataza juya walikuwa wakilinda mapato, si desturi peke yake.

Hata hivyo utafiti huohuo unapinga anayetaka kuzitukuza zana za kale kwa sababu ya ukale wao. Afya ya miamba ya bandari hizo mbili haikutofautiana sana na ile ya miamba mingine inayovuliwa. Na lema lina makosa yake. Matundu yakisukwa madogo, tafi wachanga hunaswa pamoja na wakubwa. Karibu na Msambweni kuna mahali tafi hukusanyika kutaga mayai siku zinazofuata mwezi mpevu, na wavuvi wa malema hupajua vizuri. Hapo mtego mpole unaweza kuvuna kizazi kizima kabla hakijazaliwa. Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake halimo katika kurudi kwenye wavu. Emmanuel Mbaru na McClanahan walionyesha mwaka 2013 kwamba lema likiachiwa nafasi nyembamba pembeni, samaki wadogo na wembamba hutoka wenyewe, wanaobaki huwa wakubwa, na kipato cha mvuvi hupanda. Juya halina nafasi ya marekebisho ya namna hiyo. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo ubora wa zana hizi ulipo: zinarekebishika, na mkono wa mvuvi haujatengwa na samaki.

Wapo pia wanaosema bahari hii haihitaji kanuni kwa sababu pepo zinaipumzisha. Mahali pengine ni sheria inayopumzisha maji: Uingereza, ambako kuvua samaki wa kawaida wa mito kwa fimbo ni burudani ya watu wengi, na samaki kwa kawaida hurudishwa majini, sheria hufunga mito kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Huku Kwale, upepo wa kusi hufanya kazi inayofanana, kwani kati ya Aprili na Septemba mitumbwi midogo haiwezi kuvuka mwamba. Lakini mwamba huohuo huvunja mawimbi na kuyaacha maji ya ndani yakivulika, hivyo wavuvi waliokuwa nje hurudi kusongamana ndani. Kusi huwapumzisha nguru wa nje. Changu na tafi huwaongezea mzigo.

Ulinzi unaofaa basi ni wa kuchagua zana. Hifadhi ya bahari ya Diani na Chale ilitangazwa mwaka 1995, ikakwama kwa sababu wavuvi waliikataa, wakihofia kufukuzwa kwenye maji yao. Kusini yake, Kisite hairuhusu uvuvi wowote, ilhali hifadhi jirani ya Mpunguti inaruhusu zana za asili. Mfano wa Mpunguti unawafaa zaidi wavuvi wa Diani na Msambweni, na Kanuni za Vikundi vya Usimamizi wa Fukwe za mwaka 2007 zilivipa vikundi hivyo nafasi ya kujiwekea sheria ndogo juu ya zana. Sheria moja ingeweza kuanza na kikande. Samaki huyu anakula wanyama wa miiba (sea urchins) wanaokwangua miamba wakizidi, na McClanahan ameonyesha kwamba akipungua, wao huongezeka na matumbawe huumia. Sokoni bei yake ni ndogo. Katika lema huwa bado anapumua, na kumrudisha ni kazi ya dakika moja.