Piridostigmini

Piridostigmini ni dawa ya kuandikiwa na daktari inayopunguza dalili za miastenia gravisi, ugonjwa adimu ambapo kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya asetilikolini mahali neva na misuli hukutana. Kope hulegea; kutafuna, kumeza na hata kupumua huwa kugumu. Dawa huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, lakini haiponyi ugonjwa. Mwaka 1934, daktari Mary Walker alionyesha London kuwa fizostigmini, dawa ya jamii hiyo hiyo, hurudisha nguvu za misuli.

Matumizi
Kidonge cha miligramu 60 huanza kufanya kazi baada ya dakika 30 hadi 45, na nguvu yake hudumu saa 3 hadi 6. Kwa hiyo saa za kumeza zifuatwe. Aliyesahau dozi asimeze mbili pamoja. Dozi ikizidi huleta mate mengi, jasho, kuharisha na udhaifu unaofanana na ugonjwa wenyewe. Kushindwa kupumua au kumeza ni dharura ya hospitali.

Tahadhari
Katika sehemu kama Ogembo, mji wa nyanda za juu za Kisii nchini Kenya, malaria imewahi kuzuka kwa mlipuko. Lakini dawa za malaria kama kwinini na klorokwini huweza kuzidisha udhaifu wa miastenia gravisi, vivyo hivyo antibiotiki kama jentamisini, siprofloksasini na sindano ya magnesiamu. Malaria itibiwe mapema, ila mgonjwa ataje ugonjwa wake kwa mhudumu wa afya au mwuza dawa kabla ya kupokea dawa yoyote, na atembee na kadi inayoueleza.