Jinsi ya kukabili utitiri mwekundu katika mashamba ya mnavu

MNAVU ni miongoni mwa mboga za kienyeji zinazothaminiwa mno katika Kaunti ya Kakamega. Waluhya wa eneo hilo huiita lisutsa, na katika masoko ya Nairobi hujulikana zaidi kama managu. Kwa familia nyingi mboga hii ni kitoweo, na kwa akina mama wanaoilima ni chanzo cha fedha za karo na mahitaji madogo madogo ya nyumbani.

Hata hivyo, kiangazi kinapoingia kati ya Desemba na Februari, majani ya mnavu katika mashamba mengi huanza kupauka, kugeuka manjano na hatimaye kukauka. Baadhi ya wakulima hudhani mmea umekosa maji au mbolea. Mara nyingi kinachoumaliza ni utitiri mwekundu.

Utitiri huu, ambao wataalamu huuita Tetranychus evansi, asili yake ni Amerika Kusini. Barani Afrika uliripotiwa nchini Zimbabwe mwaka 1979, na humu nchini ukatambuliwa mwaka 2001. Kusini mwa Afrika umewahi kuharibu hadi asilimia 90 ya nyanya katika mashamba yaliyovamiwa. Hupendelea mimea ya jamii ya mnavu, ikiwemo nyanya, biringanya, viazi na tumbaku.

Jambo la kwanza ambalo mkulima anapaswa kufahamu ni kwamba utitiri si mdudu wa kawaida. Una miguu minane, na uko katika ukoo mmoja na buibui na kupe. Kwa sababu hiyo, dawa nyingi zilizotengenezwa kuua wadudu haziudhuru. Badala yake, dawa hizo huangamiza viumbe wanaoula, na utitiri hubaki ukizaana bila kizuizi.

Utitiri wa kike aliyekomaa ana urefu wa takriban nusu milimita, na rangi yake ni nyekundu yenye kuelekea machungwa. Hukaa upande wa chini wa jani na kufyonza utomvu. Katika joto la nyuzi 25, yai huchukua takriban wiki mbili kuwa utitiri kamili, na muda huo hupungua kadiri joto linavyopanda. Aidha, jike asiyepandwa hutaga mayai yanayotoa madume. Kwa hivyo, utitiri mmoja tu ukiingia shambani unaweza kuanzisha kizazi kizima.

Dalili za mwanzo ni vidoadoa vyeupe au vya manjano juu ya jani. Baadaye huonekana utando kama wa buibui, ambao huwafunika utitiri na mayai yake na kuwazuia maadui zake wengi kuufikia. Mkulima anayengoja hadi aone utando huwa amechelewa.

Njia rahisi ya kupima ni kushika karatasi nyeupe chini ya tawi na kuligonga taratibu. Vijitone vyekundu vikianza kutembea juu ya karatasi, adui amekwisha kuingia. Ukaguzi huu ufanywe angalau mara moja kwa wiki wakati wa ukavu, kuanzia mipakani na kando ya barabara zenye vumbi, ambako uvamizi mara nyingi huanza.

Ugumu wa mnavu ni kwamba kinacholiwa ni lile jani lenyewe linaloshambuliwa. Mnyanya unaweza kunyunyiziwa dawa mapema kabla tunda halijaiva, lakini mnavu huchumwa mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Kila dawa huwa na idadi ya siku ambazo ni lazima zipite kabla ya kuvuna. Mkulima anayenyunyizia leo na kuchuma kesho kutwa huwapelekea wanunuzi, na watoto wake mwenyewe, sumu ndani ya sahani.

Kwa hivyo, kinga huja kabla ya dawa. Shamba lisiwe karibu na nyanya kuukuu zilizovamiwa, wala mnavu usifuatishwe papo hapo baada ya nyanya, biringanya au viazi. Ni bora kupokezanisha na sukuma wiki, vitunguu au mahindi. Minavu inayojiotea vichakani na kando ya ua ing’olewe, kwani ndiyo hifadhi ya utitiri msimu hadi msimu.

Mimea michache ikivamiwa, majani yaliyoathirika yakatwe, yatiwe ndani ya mfuko papo hapo na kuchomwa au kufukiwa. Kuyaburuta shambani ni kuueneza utitiri. Vilevile, anayefanya kazi aanze na sehemu safi na kumalizia zilizovamiwa, kwa kuwa utitiri husafiri kwa nguo, mikono na zana.

Maji nayo husaidia. Mvua kubwa za Kakamega hupunguza utitiri kwa kuuosha na kuongeza unyevu. Wakati wa kiangazi mkulima anaweza kuiga mvua hiyo kwa kuyarushia maji kwa nguvu majani upande wa chini. Mbolea ya naitrojeni isizidishwe, kwani majani laini mno huwa karamu ya utitiri.

Iwapo ni lazima kunyunyizia, mafuta ya mwarobaini au sabuni maalumu ya mimea hufaa, mradi yafike chini ya jani. Mkulima anunue tu dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu (PCPB), asome maandishi yaliyo kwenye chupa, na asirudie dawa ya kundi moja kila mara, kwa kuwa utitiri hujenga usugu upesi. Dikofoli, iliyotumiwa kwa miongo mingi duniani kuua utitiri, iliorodheshwa mwaka 2019 chini ya Mkataba wa Stockholm miongoni mwa kemikali za kukomeshwa.

Kuna pia njia ya kutumia maadui wa asili. Utitiri mla wenzake uitwao Phytoseiulus persimilis husifika katika mashamba ya maua na stroberi, lakini haufanyi vyema dhidi ya utitiri huu mwekundu. Watafiti walipata tumaini zaidi nchini Brazil, katika utitiri uitwao Phytoseiulus longipes. Kituo cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi, nacho kimechunguza kuvu aina ya Metarhizium ambao huota juu ya utitiri na kuuua. Dawa ya kuvu kama hii inafaa kunyunyiziwa jioni, kwa sababu jua kali huidhoofisha.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma za maafisa wa kilimo nyanjani ziko chini ya serikali za kaunti. Mkulima wa Kakamega anaweza pia kutafuta ushauri katika kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) mjini Kakamega. Anapokwenda, abebe jani lenye dalili ndani ya mfuko uliofungwa vyema, ili mtaalamu athibitishe adui ni yupi kabla ya fedha kutumika dukani.