Mizani ya Akili: Historia ya Mtihani wa Kuchagua Watoto Werevu

Neno mtihani limetufikia kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili lina maana mbili. Ya kwanza unaijua: karatasi ya maswali, dawati, msimamizi anayetembea kati ya safu. Ya pili ni msukosuko unaompata mtu na kuipima subira yake. Ndiyo sababu mfiwa huambiwa kwamba msiba ni mtihani. Hapa Rugerero maana hizo mbili hukutana kila mwaka, darasa la sita linapokaribia mtihani wa taifa. Mwenye alama za juu hutarajia kupangiwa shule ya bweni yenye sifa. Mwenye alama za chini hubaki shule ya kutwa iliyo karibu. Mzazi mwenye uwezo hulipia masomo ya ziada jioni. Asiye nao humwachia Mungu. Basi tujiulize: mitihani ya kuchagua watoto werevu ilitoka wapi, hupima nini, na mtoto aandaliwe vipi?

Tuanzie Paris. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta njia ya kuwatambua watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Mwaka 1905 Alfred Binet, akisaidiana na Théodore Simon, alitoa kipimo cha kwanza cha akili kilichotumika sana. Angalia nia yake: alitaka kumjua mtoto anayehitaji msaada ili asaidiwe. Binet aliwapinga waziwazi waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezwa. Alifariki mwaka 1911, na kipimo chake kikaenda mbali kuliko nia yake.

Nchini Marekani, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikifanyia marekebisho mwaka 1916. Yeye aliamini kwamba akili hurithiwa kwa sehemu kubwa. Mwaka 1921 alianza kuwatafuta watoto wenye vipawa huko California, akawafuatilia maishani mwao. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kutofikia kiwango walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Mizani iliwapima, ikawaona wepesi.

Afrika Mashariki nayo haikusazwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa Nairobi alidai kwamba Mwafrika ana upungufu wa akili wa kuzaliwa nao. Wakati huohuo mwanasaikolojia R. A. C. Oliver aliandaa mtihani wa akili kwa ajili ya wanafunzi Waafrika nchini Kenya. Oliver alikuwa mwangalifu zaidi: alionya kwamba watu waliolelewa katika mazingira tofauti hawawezi kulinganishwa kwa haki kwa kipimo kimoja. Upande wa pili wa mpaka wetu, katika Kongo ya Wabelgiji, André Ombredane aliwapa watu mtihani wa michoro ambamo mpimwa huchagua kipande kinachokamilisha picha. Kisha akaurudia mtihani uleule kwa watu walewale, na alama zikapanda. Tafakari jambo hilo. Kama kipimo kilikuwa kinapima akili ya kuzaliwa peke yake, akili hiyo iliongezeka vipi kwa mazoezi? Bila shaka sehemu ya kilichopimwa ilikuwa ni kuuzoea mtihani wenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1929 Mabradha wa Upendo kutoka Ubelgiji walianzisha shule ya Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare. Shule hiyo ililea watumishi wa utawala wa kikoloni, na nafasi zake nyingi zilikwenda kwa watoto wa machifu, hasa Watutsi. Hapo mlango ulifunguliwa kwa nasaba. Baada ya mwaka 1973 ulinzi wa mlango ulibadilika, lakini ubaguzi ulibaki. Siasa iliyoitwa iringaniza iligawanya nafasi za shule za sekondari kwa viwango vya kabila na mkoa. Mtoto aliyefanya vizuri darasani aliweza kuachwa nje kwa sababu ya neno lililoandikwa katika kitambulisho cha baba yake. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nchi yetu iliamua kwamba nafasi igawiwe kwa alama, na mtihani wa taifa ukawa mmoja kwa wote.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usiudharau mtihani. Kwa wazazi wengi wa Rwanda, karatasi isiyouliza kabila ilikuwa haki waliyoingojea kwa miaka mingi. Hata hivyo, haki hiyo si kamili, kwa maana karatasi isiyouliza kabila haiulizi pia kama mtoto alilala na njaa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kuharibu nyumba katika tarafa zetu. Mtoto aliyepoteza madaftari yake na kulala kambini alikuwa na nchi moja na mtihani mmoja na mwenzake wa mjini, lakini maandalizi yao hayakuwa mamoja.

Utafiti uliofanywa karibu nasi unathibitisha uzito wa mazingira. Huko Embu, Kenya, watoto wa shule walipimwa mwaka 1984, na wengine wa umri huohuo wakapimwa mwaka 1998. Katika mtihani wa michoro, wale wa mwaka 1998 walizidi kwa takriban pointi 26. Damu ya watu wa Embu haikubadilika katika miaka 14. Watafiti walitaja elimu ya wazazi, lishe na afya bora, na familia zenye watoto wachache. Naye Robert Serpell aliwapima watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa karatasi na kalamu, Waingereza walishinda; kwa waya, Wazambia walishinda; kwa udongo wa mfinyanzi, walikuwa sawasawa. Kila uonapo mtoto akisukuma gari la waya aliloliunda mwenyewe, kumbuka kwamba hujawahi kuona mtihani unaompa alama kwa kazi hiyo.

Shule za kuchagua bado zipo. Tanzania ina shule za vipaji maalumu, kama vile Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Wilayani Nyabihu, jirani zetu, Rwanda Coding Academy ilifunguliwa mwaka 2019 kwa wanafunzi waliochujwa kwa alama na kwa usaili. Shule hizo zina manufaa kwa taifa, na si kosa mzazi kumtakia mwanawe nafasi humo. Lakini amwandae kwa busara. Mtoto azoeshwe sura ya maswali na kugawa muda wake, ili ugeni wa karatasi usimwibie alama. Asome vitabu, acheze, ale, alale. Kumkaririsha maswali ya zamani hadi usiku wa manane kunaweza kupandisha alama, ila kunapandisha uzoefu wa mtihani kuliko kunavyopanua akili. Na mwalimu anayetoa msaada kwa wanaolipa tu anairudisha nasaba kwa mlango wa nyuma, safari hii ikiwa imevaa noti.

Kiswahili kina hazina kubwa katika jambo hili. Tuna akili, werevu, maarifa, busara na hekima, na kila neno lina mahali pake. Tena wahenga walituonya kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Matokeo yatakapotangazwa, mwenye alama za chini asiambiwe kwamba hana akili. Aambiwe kilicho kweli: siku ile, kwa maswali yale, alipata kiasi hiki, kilichobaki hakijapimwa.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Eleza tofauti kati ya akili, maarifa na busara, kisha tunga sentensi kwa kila neno.
2. Kwa nini alama zilipanda Ombredane aliporudia mtihani?
3. Je, kugawa nafasi za shule kwa alama peke yake kunatosha kuleta usawa? Toa hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga.