Mirija ya Karboni: Nani Aliiona Kwanza?

Katika matini za sayansi wanazotafsiri wanafunzi wetu, hasa zinazohusu skrini za kukunjika, hukosekana kwa nadra sentensi hii: mirija ya nano ya karboni iligunduliwa na Mjapani Sumio Iijima mwaka 1991. Sentensi hiyo ina walakini, nao unatuhusu sisi watu wa lugha.

Kwanza, mirija hiyo ina kazi gani katika skrini? Skrini huhitaji tabaka linalopitisha mwanga na umeme kwa pamoja. Kwa kawaida hutumika oksidi ya indiamu na bati, lakini hiyo ikikunjwa hupasuka, na indiamu ni metali adimu. Mwaka 2004 Wu, Rinzler na wenzao wa University of Florida walieleza katika jarida la Science njia nyepesi ajabu. Walitawanya mirija katika maji yenye kitu cha jamii ya sabuni, wakaichuja kwa chujio laini, wakaiosha, wakaubandika utando uliobaki mahali pake, kisha wakaliyeyusha chujio kwa asetoni. Utando wa unene wa nanomita 50 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) ulipitisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga. Tena ulikunjika. Udhaifu wake ni kwamba umeme hupata kizuizi kila mrija unapokutana na mwenzake, ndiyo maana oksidi ile bado inatawala.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. Mwaka 1952 Warusi wawili, Radushkevich na Lukyanovich, walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha nyuzi za karboni zenye uwazi ndani, upana wake nanomita 50 hivi. Makala yao yalitoka kwa Kirusi, katika jarida la kemia la Kisovieti, wakati wa Vita Baridi. Huko Magharibi waliyasoma wachache mno. Iijima aliandika kwa Kiingereza katika Nature, na dunia ikasikia. Mwaka 2006 Monthioux na Kuznetsov waliandika katika jarida la Carbon kuhoji sifa za ugunduzi huo zimwendee nani, wakawataja Warusi hao.

Iijima hanyang'anywi chake: alieleza muundo wa mirija kwa makini, na utafiti mkubwa ukaanzia hapo. Kwa hiyo katika tafsiri ningependekeza “ilielezwa na Iijima mwaka 1991”, badala ya “iligunduliwa”.