Hadithi za Upelelezi na Rai za Watazamaji: Toka Bwana Msa hadi Kioo cha Televisheni katika Karagwe na Kyerwa

Mchezo wa upelelezi hauwezi kudumu miaka mingi pasipo idhini ya wautazamao. Mtungaji hubuni kosa, na mpelelezi hulifumbua. Lakini mtazamaji ndiye aamuaye kama ufumbuzi ule umekubalika. Makala haya yakusudia kueleza historia ya aina hii ya utungaji katika Kiswahili, na kuonyesha kwamba rai zitolewazo juu yake katika nchi kama Karagwe na Kyerwa zina asili iliyo kongwe kuliko kioo chenyewe.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba nguvu ya hadhira si jambo jipya. Arthur Conan Doyle alimleta Sherlock Holmes mbele ya wasomaji wa Uingereza mwaka 1887, akamwua katika hadithi ya mwaka 1893 kwa kuwa amemchoka. Wasomaji walilalamika sana. Mwaka 1901 mtungaji akaanza kutoa hadithi nyingine ya Holmes, iliyosemwa kuwa ni ya kabla ya kifo chake, na mwaka 1903 akamfufua kabisa. Tangu hapo imejulikana kuwa mpelelezi wa hadithi ni mali ya wasomaji kama alivyo mali ya mtungaji.

Katika Kiswahili mlango huu ulifunguliwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikapigwa chapa mwaka 1960. Zikafuata nyingine, mathalan Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974), mpaka Kosa la Bwana Msa (1984). Bwana Msa na rafiki yake Najum wametazamwa na wahakiki wengi kuwa wanafuata nyayo za Holmes na Watson, na neno hilo lina ukweli. Walakini asiyeona ila mfano huo ameliacha jambo kubwa. Katika hadithi ya kwanza mauti yanahusishwa na mzimu, mahali ambapo watu wa kawaida wangetosheka kusema kuwa wazimu wamefanya kazi yao. Bwana Msa hatosheki. Huuliza, hupima, hulinganisha maneno ya huyu na ya yule, kisha hueleza mbele ya watu. Hadithi yatenga baina ya dhana na ushahidi.

Bara nako kalamu haikulala. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na baada yake vitabu vya namna hiyo vikazidi mijini. Msamiati nao ukapanuka. Mpelelezi ni neno lililotoka katika kitenzi peleleza, nalo lamfaa mtu wa serikali na mtu binafsi. Askari kanzu ni polisi avaaye nguo za kiraia, na jina lake lakumbusha vazi alilojifichia. Jasusi ni mtu wa siri za dola. Kachero lina harufu ya mazungumzo ya mjini. Achanganyaye maneno haya huchanganya na kazi zenyewe. Bwana Msa ni mpelelezi, hakuwa askari kanzu kamwe.

Televisheni ilikuja baadaye. Unguja ilianza kuonyesha mwaka 1973, bali Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote hadi mwaka 1994. Karagwe, wilaya iliyo mpakani mwa Rwanda, na Kyerwa, iliyotengwa kutoka Karagwe mwaka 2012, zilikuwa mbali na mitambo ya Dar es Salaam. Umeme wa Kagera kwa muda mrefu ulitoka Uganda, na vijiji vingi vilingoja mpaka Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulipoanza kazi. Kwa hiyo kioo kilitazamwa kwanza kwa wingi wa watu: katika duka, katika mkahawa, au katika kibanda cha video. Mahali pa namna hiyo filamu haitazamwi kimya. Husemewa, hubishiwa, na mara nyingine husimuliwa upya kwa Kiswahili, kama alivyofanya Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, msimulizi mashuhuri wa filamu za kigeni nchini. Mtazamaji wa Kinyambo hupokea hivyo kisa cha ugenini kupitia Kiswahili, kisha hukizungumza nyumbani kwa lugha yake mwenyewe.

Basi mizani yao ni ipi? Hapa historia ya sheria yatoa mwanga. Utawala wa kichifu ulifutwa mwaka 1963, na sheria ya mwaka huohuo ikaweka Mahakama za Mwanzo, ambazo lugha yake ni Kiswahili. Hakimu alikaa pamoja na wazee washauri, na wananchi waliingia kusikiliza. Mtu aliyekulia karibu na mahakama ya namna hiyo amekwisha kusikia shahidi akihojiwa, na mshtakiwa akiachiliwa kwa kuwa dalili hazikutosha. Akaapo mbele ya kioo huendelea na kazi ya mshauri. Kwa sababu hiyo rai zake huwa na sehemu tatu: kama dalili zilionyeshwa wazi au zilifichwa kwa hila, kama mpelelezi aliwaheshimu watu aliowahoji, hasa wazee, na kama kukiri kwa mkosaji kulipatikana kwa haki.

Mizani hii yafafanua mambo mawili. La kwanza ni kwamba mchezo kama Columbo wa Marekani, ulioonyeshwa katika mfululizo toka 1971 na kumalizika mwaka 2003, ambao humtaja mwuaji tangu mwanzo, haupotezi utamu kwa hadhira ya baraza. Kwani barazani mtu huja akiwa anamjua mshtakiwa, na anachongoja ni kuona vipi atathibitishwa. La pili ni kwamba michezo ya Kiswahili iliyoishi muda mrefu katika jirani yetu Kenya imeelekea mahakamani na kituoni pamoja na kicheko: Vioja Mahakamani, na Inspekta Mwala aliyechezwa na Davis Mwabili. Siri peke yake haikutosha. Ilitakiwa hoja isemwe mbele ya watu.

Kwa ajili hiyo rai za watazamaji zisihesabiwe kuwa maneno ya kupitisha wakati. Palipo na tuhuma za uchawi au wizi, umbali baina ya kushuku na kuthibitisha waweza kuwa umbali baina ya uhai na mauti. Mtu aliyezoea kuuliza mbele ya kioo, “Dalili iko wapi?”, ana neno la kuuliza pia kijijini, siku jirani yake atakaponyooshewa kidole. Bwana Msa alilifundisha swali hilo kwa Kiswahili fasaha. Wajibu wa watungaji wa michezo ya leo ni kulilinda lisipotee katika kelele za bastola.