Kabla Hujasema "Hainihusu": Ukimya Wetu Ulianzia Wapi?

Kila ploti Nairobi ina hii sentensi: "Mimi sitaki mambo mingi." Watoto wa nyumba ya pili wanalia kwa njaa wiki nzima, magari yasiyo na namba yanashusha mizigo saa tisa usiku, na sisi tunafunga pazia. Kikiumana ndiyo tunasema, "Hata mimi nilikuwa nashuku."

Watu hudai ni uoga. Mimi naona ni historia.

Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kuchujwa. Mbele yao aliletwa mtu aliyefunikwa gunia, limetobolewa matundu ya macho tu. Waliitwa gakunia. Akitingisha kichwa, umeenda Manyani. Huambiwi kosa, huoni sura ya anayekushtaki, na huna wa kumuuliza. Tangu hapo, "kupeleka habari" kwa serikali kukawa sawa na kumuuza mwenzako.

Uhuru ukaja, lakini kovu halikupona. Miaka ya themanini watu waliteswa kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, na wazazi wetu wakajifunza kunong'ona hata ndani ya matatu. Ukijua hayo, huwezi kumcheka mama anayekwambia, "Achana na mambo ya serikali."

Sasa angalia upande wa pili. Baada ya Westgate, Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, serikali ilileta Nyumba Kumi, mpango uliotoka Tanzania, ambako TANU iliuanzisha miaka ya sitini. Sehemu nyingi ulibaki jina tu. Januari 2019, DusitD2 ilipovamiwa na watu 21 wakauawa, ikajulikana kuwa mmoja wa washambuliaji alikuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu. Alikuwa na majirani, kama wewe na mimi.

Halafu kuna Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni. Aprili 2023 polisi waliingia humo baada ya kupewa habari, na wengine wakatolewa wakiwa hai, wamekonda kwa njaa. Mtu alisema, na mtu akapona. Ila tuseme ukweli wote: kamati ya Seneti iliyochunguza mkasa huo iliwalaumu maafisa wa usalama kwa kupuuza maonyo ya mapema. Kwa hivyo mwananchi akisema na karao akalala, lawama si ya mwananchi.

Kuna swali gumu hapa: tofauti ya kuripoti na kuwa gakunia ni nini? Jibu liko Eastleigh. Aprili 2014, miaka 60 kamili baada ya Anvil, Operesheni Usalama Watch ilikamata maelfu ya watu, wengi Wasomali, na kuwafungia uwanja wa Kasarani. Kosa la wengi wao lilikuwa sura na jina. Hiyo si kuripoti. Ukipiga simu kusema "kuna Msomali amehamia hapa," umetingisha kichwa ndani ya gunia.

Kuripoti ni kueleza kitendo. Umeona nini, wapi, saa ngapi, namba ya gari ni ipi. "Kuna watoto wamefungiwa nyumba hii siku tatu" ni habari. "Huyu jamaa simwelewi" ni umbea. Na usiweke picha ya mtu kwenye grupu ya WhatsApp na kuandika "mwizi". Tunajua mtaani hiyo huishia kwa tairi na petroli, na asiye na hatia hafufuki.

Piga 999 au 112. Kama huamini kituo chenu, mwambie chifu, au nendeni mkiwa watatu wanne, muombe namba ya OB ili ripoti isipotee. Sheria ya kulinda mashahidi ipo tangu 2006. Idai.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Polisi wako mbali. Aliye karibu na ule mlango ni wewe. Waliotufundisha kunyamaza walitaka tuogopane, ndiyo watutawale vizuri. Mbona bado tunawafanyia kazi yao?