Safu ya Lugha: Kilainishi
Bawaba za mlango wetu hapa Bariadi, Simiyu, zikilia, mke wangu hasemi "lete kilainishi". Husema "tia oili", hata kama nimeshika kopo la WD-40. Kilainishi ni neno zuri, limetokana na kulainisha, ila limekaa kiofisi mno. Mtaani ni oili tu: ya cherehani, ya kufuli, ya mnyororo. Kumbe kopo lile, lililobuniwa Marekani mwaka 1953, jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa maji, jaribio la 40. Napuliza, nafuta kwa kibonge cha pamba (Simiyu tutakosaje pamba?), kelele zinakwisha. Ila kwenye mnyororo wa baiskeli WD-40 haidumu. Huko oili nzito ndiyo yenyewe. Fundi baiskeli jirani huiita WD-40 "dawa ya kutu". Mimi nampigia kura yeye.